Sura ya Saba: Panya Niliowapa Mwenza

Alikuja Jumamosi saa nane mchana, gauni la zambarau mwilini, na mimi niliyezoea kumwona ndani ya koti jeupe na barakoa, macho juu na viatu vya mpira chini, nikasimama mlangoni kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Kumbe ana shingo. Kumbe ana masikio, na kwenye masikio kuna vipuli vidogo vinavyotikisika akicheka. Miaka mitatu nilikuwa nimempenda kwa macho matupu, maana kule kazini hayo macho ndiyo pekee tuliyoruhusiwa kuonyeshana.

"Baba Panya," akasema, "utanikaribisha au nirudi nilikotoka?"

Nikamkaribisha. Sauti ilinitoka kama ya mvulana anayebalehe, na mimi nina miaka hamsini na miwili na mvi za kutosha kujaza mto.

Baba Panya ni jina la kazini. Ni mimi ninayewatunza panya wa maabara: nabadilisha maranda, naosha chupa za maji, nahesabu waliozaliwa na waliokufa. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Yeye ni daktari, lakini si wa kudunga sindano; ni wa kutafiti. Alikuwa akitafuta kwa nini usonji, ile hali ya kuzaliwa inayomfanya mtu apate shida kuchangamana na wenzake, unaonekana zaidi kwa watoto wa kiume, na kama kweli wa kike hawanao, au wanao ila hauonekani. Binadamu huwezi kumfungia kizimbani ukampima, kwa hiyo alitumia panya wa ukoo mmoja ambao huzaliwa na hitilafu ya kuwakwepa wenzao. Kwanza alipima madume, zaidi ya mwaka mzima. Miezi minane ya mwisho akapima majike.

Na siku hiyo alikuwa amekuja kwangu kwa mara ya kwanza, aonekane na watu wa nyumbani. Watu wenyewe wawili tu, mama mkwe wangu na binti yangu wa miaka kumi na mitano. Mke wangu alishatangulia, huu mwaka wa nne. Alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri mashine ya kupumulia iliyokuwa ndani ya chumba kilichofungwa, hatua kumi kutoka tulipokaa, na mwenye funguo alikuwa kikaoni. Kikao cha nini, sijaambiwa mpaka leo. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka na kibao mlangoni, namwangalia mara mbili kabla ya kumsalimia mara moja.

Halafu eti nimempenda mmoja wao. Mungu naye ana utani wake.

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni nyuma ya cherehani lake kama hakimu nyuma ya meza. Ni fundi wa nguo za shule, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Wiki nzima alikuwa amenishona nao. Alisema hanizuii kuoa, marehemu hatarudi. Anachouliza ni kwa nini yule. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, hajawahi kuolewa, hajazaa, na mshahara wake ukiuweka karibu na wangu, wangu unaona haya.

"Mwanamke aliyesoma mpaka akafika kwa panya," aliniambia, "atarudi kwa binadamu saa ngapi?"

Nilicheka. Akaniambia hajafanya mzaha. Hofu yake hasa ilikuwa juu ya mjukuu wake. Msomi, alisema, akimwangalia mtoto yule kwa siku mbili ataona kasoro tu, na kasoro za mtoto huonwa na mgeni kwanza, na husahauliwa na mgeni mwisho.

Binti yangu hana kasoro ya akili. Hesabu zake zinanishinda mimi na baba yangu na babu yangu tukijumlishwa. Ila watu wanamchosha. Alipokuwa mdogo alimfuata mama yake kila mahali, akitazama mama anavyosimama, anavyoshika kikombe, anavyocheka, naye akafanya vilevile. Mama alipoondoka, ikawa kama mtu aliyenyang'anywa kioo katikati ya kuchana nywele. Akirudi kutoka shule anaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, anajifunika kitenge, anakaa humo mpaka jioni. Nilimpeleka hospitali. Daktari wa huko, bwana mkubwa mwenye kibao mlangoni, hakumaliza hata dakika kumi. Alisema binti ananiangalia usoni, anasalimia vizuri, ana rafiki darasani, kwa hiyo si usonji. Tena usonji, akaniambia, mara nyingi ni wa wavulana. Huyu amedekezwa tu na ana majonzi. Akaita, "Anayefuata."

Basi binti akatoka chumbani na sinia la chai. Akaliweka, akasimama wima mbele ya mgeni.

"Shikamoo, shangazi. Karibu sana. Safari ilikuwaje? Nyumbani hawajambo? Watoto wanaendeleaje?"

Yote kwa mkupuo mmoja, na yote kwa sauti ya marehemu mama yake, mpaka kile kikohozi kidogo kilichokuwa kikija baada ya karibu sana. Sisi wa ndani tulizoea. Mgeni yeyote mwingine hujibu tu nzuri, hawajambo, wazima, mambo yakaisha.

"Marahaba. Safari ilikuwa na joto," yeye akajibu, mojamoja, kwa utaratibu. "Nyumbani niko peke yangu, na mimi sijambo. Watoto sina."

Cherehani likanyamaza. Binti yangu akabaki na mikono hewani, maana jibu hilo halikuwa kwenye orodha yake. Nikajua sasa atageuka akimbilie chini ya meza.

"Una nini basi?" akauliza, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Nina panya mia mbili na arobaini."

"Wanafanana?"

"Kwangu, karibu wote. Muulize baba yako, yeye anawajua kwa mwendo."

Binti akavuta kigoda akakaa. Mama mkwe akanitupia jicho, mimi nikajifanya nakoroga sukari. Miaka minne yule mtoto hakuwa amekaa na mgeni. Walizungumzia masikio, namna panya wanavyotobolewa vitundu sikioni ili wajulikane, kitundu juu ni namba fulani, chini namba nyingine. Binti akayapiga mahesabu ya vitundu kichwani, akasema mpangilio ule unatosha panya tisini na tisa tu, wanaobaki wanatambuliwaje? Mgeni wangu akaweka kikombe chini akacheka, vipuli vikatikisika, na moyo wangu ukaenda navyo. Kweli nawaambia, nilimwona pale sebuleni kana kwamba amekuwa akikaa kwenye kiti kile siku zote, nikajiambia, wewe mzee, raha hii utailipia.

Na bili haikuchelewa.

Mgeni wangu alisema ana habari, alikuwa ameibana tangu jana asitake kunieleza kazini. Mahesabu yamekamilika. Akamweleza mama mkwe kwa maneno mepesi, na hapo nilimpenda zaidi, maana wengine wa daraja lake wakizungumza na fundi cherehani hupandisha sauti kama wanazungumza na kiziwi. Alisema wana sanduku la vyumba vitatu. Panya anawekwa cha katikati. Upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kikombe cha waya, upande mwingine kuna kikombe kitupu. Panya wa kawaida huenda kwa mgeni. Madume ya ukoo ule wenye hitilafu hukaa kwa kikombe kitupu. Lakini majike, pamoja na hitilafu ileile, wamekwenda kwa mgeni kama panya wazima. Wote ishirini na wanne.

"Majike hawaguswi," akasema, uso unawaka. "Profesa, mkuu wa maabara yetu, ataitangaza Alhamisi kwenye mkutano wa watafiti, jina langu la kwanza kuandikwa. Nitapewa maabara yangu."

Halafu akaniangalia mimi tu, sauti ikashuka. Alisema kaka yake mkubwa, aliyemsomesha, ameapa hatakaa meza moja na shemeji anayefagia vizimba. Lakini akishakuwa na chumba chake na kibao chake, hatahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mimi chai ilinipalia.

Nieleze nilichokuwa nimefanya. Sheria ya jaribio ilisema kila panya akae peke yake wiki mbili kabla ya kupimwa, wote wawe sawa. Kizimba chake, maji yake, ukimya wake. Mimi ndiye wa kwanza kufungua chumba kile saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wa mwisho kufunga saa kumi na moja jioni. Na kila nilipofunga niliwaona wamejikunja kwenye kona, kila mmoja na ukuta wake, nami nikakumbuka kitanda changu. Mtu aliyelala na mwenziwe miaka kumi na tisa halafu akalala na ukuta anajua nasema nini. Nilijiambia, hao walioandika sheria hii wana wake zao na waume zao wanawasubiri nyumbani. Basi jioni nikawa namchukua panya wa akiba, jike mtulivu wa kawaida, namtia kwa yule mpweke. Asubuhi kabla hawajafika namrudisha. Madume nilijaribu mara moja wakang'atana mpaka damu, nikawaacha.

Yaani majike tu ndio niliowapa mwenza. Wote ishirini na wanne.

Nilikaa na kile kikombe mkononi nikiona njia mbili. Nikinyamaza, Alhamisi inapita, yeye anapata maabara, mimi nampata yeye, na kaka mtu atakula chakula chake huko huko. Nikisema, namvua gauni la furaha mbele ya watu, na kazi naipoteza, na yeye nampoteza. Lakini nikageuka nikamwona binti yangu kwenye kigoda, amefunga mikono magotini kama alivyokuwa akifunga mama yake. Alhamisi wakubwa wataambiwa wa kike hawaguswi. Na kesho yake bwana mkubwa mwingine atamwambia baba mwingine, huyu amedeka, anayefuata.

Nikamwomba mgeni wangu tutoke uani kidogo.

Uani kwetu ni kamba ya nguo, pipa la maji na ukuta. Nguo za shule za watu zilikuwa zimeanikwa, sare za bluu, nasi tukasimama katikati yake. Yeye alidhani namtoa kwa jambo jingine. Alisimama karibu, akaninyoosha kola ya shati, kidole chake kikagusa shingo yangu, na Mungu anisamehe, nilisubiri mpaka alipomaliza ndipo nikasema.

Nilisema yote. Panya wa akiba, jioni, asubuhi, miezi minane. Sikupunguza.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliuliza maswali kama karani: kuanzia lini, majike wepi, mwenza alikuwa yuleyule au walibadilishana. Nikajibu. Kila nikijibu, uso wake ulikuwa unafungwa, dirisha moja baada ya jingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamjibu jibu nililolizoea. Nikasema ninyi mlio juu huwa hammuulizi anayefagia. Mnaandika sheria mkiwa mmekaa, sisi tunaishi nazo tukiwa tumesimama.

"Nilikuuliza kila asubuhi," akasema. "Naingia, navaa koti, nakuuliza, Baba Panya, kuna jipya? Miezi minane. Nawe unanijibu hakuna."

Ni kweli. Nililipenda swali lile. Nililisubiri kila siku kama mtu anavyosubiri chai yake, na nikalijibu uongo.

"Unamlaani yule mwenye funguo," akaendelea, polepole, machozi yamesimama bila kudondoka. "Umenisimulia habari zake hata mimi nikamchukia. Safari hii funguo zilikuwa mfukoni mwako. Na ulikuwa unanipenda, au ndivyo ulivyosema."

Hapo nikaumia mahali ambapo sikujua bado panauma. Miaka minne nimewahukumu watu kwa kosa la kushika mlango na kutofikiria walio nje yake. Sikuwahi kuhesabu milango niliyoshika mimi.

Nikamwambia nilikuwa nawahurumia panya. Akasema anajua, na ndiyo maana hawezi hata kunichukia vizuri. Akapangusa macho kwa kiganja, akapita kati ya sare zile kuelekea mlango wa uani, wa kutokea njiani. Hakurudi sebuleni kuaga. Mkoba wake ulikuwa begani tayari. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, amekwenda na vipuli vyake.

"Baba, mwenzake akiondolewa, yule jike anafanya nini?"

Binti yangu. Alikuwa amekaa chini nyuma ya pipa, kitenge kichwani, amesikia kila kitu. Tulipotoka alikuwa ametufuata, akapita nyuma ya sare zilizoanikwa na kujificha huko. Nilitaka kumwambia si wakati wake, lakini mgeni wangu, mkono kwenye komeo la mlango, alikuwa amesimama.

"Mjibu," akaniambia bila kugeuka.

Nikajibu nilichokiona, sikuwahi kufikiri kina maana. Nikasema asubuhi nikimtoa mwenziwe, jike wa ukoo ule huenda kona akakaa. Kila kizimba naweka vipande vya karatasi vya kutengenezea kiota. Wakiwa wawili, yule wa kawaida akichana karatasi, huyu naye anachana. Yule akienda kwenye maji, huyu nyuma. Akiachwa peke yake, hagusi karatasi kabisa, anakuwa kama mzigo uliotuliwa. Na jambo moja zaidi: anamfuata mwenzake, lakini hamnusi. Panya wengine hunusana mpaka unachoka kuwatazama. Huyu anakaa pembeni mwake tu.

"Amechoka," binti akasema kutoka ndani ya kitenge. "Kumfuata mtu kunachosha. Unaangalia kila anachofanya ili na wewe ukifanye. Watu wanasema, huyu mzima. Halafu yeye akiondoka hujui ufanye nini, na nguvu zimekwisha."

Mtafiti akageuka. Alikuja taratibu, akakaa palepale chini na gauni lake la zambarau, si mbele ya mtoto bali ubavuni kwake, wote wawili wakitazama ukuta. Sijui nani alimfundisha kukaa vile. Mimi ilinichukua miaka.

"Kwa hiyo kwenye sanduku alikwenda chumba cha mgeni..."

"Kwa sababu amejifunza kwamba ndiko kunakotakiwa," binti akamalizia. "Alipofika alifanya nini?"

"Sijui," mtafiti akasema. "Saa yangu ilihesabu muda aliokaa chumbani. Sikuhesabu alichokifanya humo."

"Mimi darasani nakaa na watu muda mrefu sana," binti akasema. "Ungenihesabu ungefurahi."

Nikasogea kwa hasira. Nikamwambia daktari, binti yangu si panya, asije akamwandika kwenye vitabu vyake.

"Najua mimi si panya, baba," binti akasema, kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nazungumza naye."

Na mama mkwe, ambaye nilikuwa nimemsahau, alikuwa mlangoni na futi lake shingoni. Alisema mgeni anisamehe kwa kelele, baba wa mtoto huyu hubweka akiogopa.

Mtafiti akamwambia binti yangu, si mimi, kwamba yeye ni daktari wa panya, hawezi kusema mtu ana nini au hana nini. Lakini yuko mama mmoja anayemfahamu, kazi yake ni kuwasikiliza wasichana, na humsikiliza mtu saa nzima, si dakika kumi. Akitaka atampeleka. Binti akauliza kama mama huyo atataka aangaliwe usoni. Akaambiwa hapana. Akasema atafikiria, na kwa binti yangu hiyo ni ndiyo yenye heshima zake.

Kisha mtafiti akasimama, akajikung'uta vumbi, akaniangalia. Bado macho yalikuwa mekundu, na bado hayakuwa ya kirafiki.

"Twende kazini."

"Sasa hivi? Leo Jumamosi."

"Kabla hujasahau kizimba hata kimoja. Jumatatu saa mbili nitaingia kwa Profesa kumwambia Alhamisi hakuna kutangaza. Utaingia na mimi, na utasema kwa mdomo wako. Anaweza kukufukuza. Anaweza kunifukuza na mimi."

Nikamwambia basi nitasema nilimdanganya, yeye asihusike. Akasema uongo wangu umeshatosha, asante.

Nilimgeukia mama mkwe sijui nimwombe nini. Yeye akanipa koti langu.

"Nenda naye," akasema. "Kosa umelifanyia huko, usije ukalikalia hapa." Na tulipokuwa tunavuka kizingiti akamwambia mwenzangu, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba gauni lile limelegea bega la kushoto, siku akirudi aje mapema amkazie. Akasema siku akirudi. Hakusema kama.

Kwenye basi tulikaa kiti kimoja bila kugusana. Nilihesabu vituo. Kwenye cha tano nikashindwa, nikamuuliza kama yeye na mimi tumekwisha.

Alifikiri mpaka kituo cha sita.

"Nina hasira na wewe," akasema. "Sijui itakaa siku ngapi. Inaweza kuwa nyingi. Ila nitakuwa nayo hapa karibu na wewe, sitaipeleka kwingine."

Nimeambiwa maneno ya mapenzi maishani, ujanani nilikuwa na sura. Sijawahi kuambiwa lililonishika kama lile.

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu nitamwambia leo leo. Nilikuwa nasubiri maabara inipe ujasiri. Maabara yenyewe ndiyo hiyo, umeitia panya." Akatazama dirishani, na kwenye kioo nikaona mdomo wake umejikunja kidogo, kama anazuia kitu, nami sikuthubutu kukiita kicheko.

Chumba cha wanyama kilikuwa na joto lake lile la siku zote na harufu ya maranda. Tukavaa makoti, barakoa, glavu, viatu. Nikabaki tena na macho yake peke yake, lakini sasa nilijua kilichokuwa chini. Alifungua daftari jipya. Nikaanza kizimba cha kwanza, nikamtajia: huyu alikaa na fulani, usiku kumi na mmoja; huyu wenza wawili, wa kwanza alikuwa mkorofi nikambadilisha; huyu hakumpenda mtu, ila mwenzake alipougua hakuondoka pembeni. Aliandika yote, hata yale niliyodhani ni upuuzi wa mzee. Mara mbili aliinua kichwa akaniuliza, uliona hilo? Mara ya tatu hakuuliza, aliandika tu. Alisema jaribio litaanza upya. Majike wengine peke yao, wengine wawili wawili, kila mmoja ameandikwa wazi, na safari hii watahesabu pua inakwenda wapi, si chumba tu. Alisema kama kweli mwenza ndiye anayeificha hitilafu, basi nimeharibu miezi minane na nimemwonyesha mlango ambao hakujua kama upo, na kwamba nisijivune.

Sikujivuna. Wala sikumwambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, mtu wa juu alikuwa anaandika ninachosema.

Kwenye kizimba cha mwisho alitaka aone kwa macho yake. Nikamchukua yule wa akiba kwa mkia na kiganja, kama ninavyofanya, nikamtua kwenye maranda. Jike wa ukoo hakukimbia. Yule mtulivu akazunguka, akafika kwenye karatasi, akaanza kuchana. Tukainama wote wawili, vichwa karibu. Ikapita dakika, ikapita nyingine. Kisha yule wa kona akainuka, akaja, akashika ukingo wa karatasi ileile, akachana naye.

"Hamnusi," akanong'ona.

"Hamnusi."

"Lakini amekuja."

Nikanyoosha mkono kumtoa yule wa akiba, kwa mazoea, kama nilivyokuwa nikimtoa kila asubuhi, maana sheria ni sheria. Mkono wake ukanikamata kifundo cha mkono, glavu juu ya glavu, ukanizuia juu ya kizimba.

"Waache," akasema.

Nikawaacha. Mkono wake haukuondoka.